Mkono wa Ofisi ya Maji

Mchoraji wa ofisi ya maji aliweka tangazo kwenye ukurasa wa ofisi mtandaoni: bomba la maji taka limepasuka karibu na tangi, watu wachemshe maji ya kunywa. Hadi mchana lilikuwa limesomwa na wafanyakazi wenzake tu.

"Watu hawasomi," meneja alimwambia. "Weka picha."

Akachora kiganja chekundu, kimesimama wima. Jioni, mama yake alipoinua glasi ya maji huku simu yenye picha ile iko mezani, kiganja kilitoka kwenye kioo cha simu, kikamshika mkono, kikaishusha glasi taratibu.

"Kina baridi," mama alisema, akaenda kubandika sufuria.

Ikawa hivyo mji mzima, hotelini, shuleni, kwa vinyozi. Watu walichemsha maji, wakinung'unika. Foleni ya zahanati ikapungua. Lakini chini ya tangazo waliandika kwamba mkono unatisha watoto, na wengi wakaukimbia ukurasa.

"Upake bluu, kama nembo yetu," meneja alisema. "Na vidole vilegee kidogo."

"Na bomba, bosi? Mafundi wanaenda lini?"

"Bomba lina wenyewe. Wewe shughulika na mkono."

Mkono wa bluu ulitoka ukipunga. Ulishikana na watu, ukapiga nao picha, na picha zikasambaa kuliko tangazo lolote la ofisi ile. Meneja alinunua keki. Mchoraji hakula. Aliandika CHEMSHENI MAJI kwa herufi nene, lakini kila alipozipandisha, mkono ulizikalia. Alipotaka kurudisha ule mwekundu, akakuta nywila imebadilishwa.

Alikimbia nyumbani. Mama alikuwa ameshikana mkono na simu, glasi tupu pembeni.

"Mama, uliyachemsha?"

"Huu haukunizuia, mwanangu. Ule wa kwanza ulikuwa mkali. Huu una adabu."

Kulipokucha, mama hakuweza kusimama. Zahanati ilikuwa imejaa hadi barazani, na kila mgonjwa alikuwa na mkono wa bluu ukimpapasa kiganja. Mchoraji alimlaza mama kwenye mkeka, akashika kile kiganja chake kingine, kilichokuwa kimekauka kama karatasi. Kwenye sinki la ukutani maji yalitoka kwa presha nzuri.

Nesi alikuja na dripu. Akaiomba mikono isogee kidogo apate mshipa.

Ikasogea.