Kwa Nini Mkono Mzito Alijaza Glasi

Kila mteja wa baa ile alikuwa na maelezo yake kuhusu Mkono Mzito, mama wa kaunta. Fundi cherehani aliapa kwamba yule mama haoni vizuri. Fundi baiskeli alisema anatafuta bakshishi. Wengine, wenye roho mbaya, walinong'ona kwamba anamkomoa mwenye baa, ambaye ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Wote walichemsha. Hata hivyo hakuna aliyelalamika, maana ukiagiza wiski na soda kwake, soda ilikuwa imepita tu kusalimia.

Ukweli ni huu, na mwenyewe aliujua fika: Mkono Mzito alimimina kwa kuhesabu moyoni. Moja, mbili, tatu, nne, chupa juu. Miaka kumi na moja alihesabu hivyo. Sasa mteja afike kaunta, hajakaa hata sawasawa, aanze, "We acha tu, mama, jana mke wangu kanifungia nje na taulo," basi hesabu ilikufa kwenye mbili. Masikio yalisimama wima, mkono ukajisahau. Kadiri kisa kilivyonoga ndivyo glasi ilivyojaa.

Jumatatu moja mchana shemeji yake aliingia na kikombe kidogo cha bati chenye mstari ndani.

"Shemeji, hiki ni kipimo. Leo nakaa hapa mpaka jioni. Ukipitisha mstari hata mara moja, kesho unahamia jikoni kwenye masufuria, nami natafuta mtu mwingine wa kaunta. Usininunie."

"Sijanuna, shemeji. Uso wangu ndivyo ulivyo."

Alijikaza kusema hivyo, lakini roho ilimuuma. Tangu azike mume miaka mitatu iliyopita, nyumbani kwake kulikuwa na kitanda, redio na ukimya. Jikoni nako kulikuwa na masufuria, na masufuria hayasimulii kitu. Watu wake wote walikuwa hapo kaunta. Akiondolewa hapo, amekwisha.

Basi akapima. Fundi cherehani alikuja na habari ya bibi harusi aliyenenepa wiki moja kabla ya harusi. "Subiri kwanza, mwanangu," Mkono Mzito alimkatiza, macho kwenye mstari. Fundi akasubiri, kisa kikampoa mdomoni. Alikunywa, akaaga. Fundi baiskeli naye aliambiwa asubiri. Akatazama saa, akakumbuka kumbe ana haraka. Ilipofika saa kumi na moja viti vyote vilikuwa vitupu, na shemeji mtu amebaki peke yake akichezea funguo.

"Mbona leo wanaondoka mapema hivi?"

"Sijui, shemeji. Mimi napima."

Shemeji alicheka kidogo, kisha akajipangusa uso kwa kiganja. "Nimiminie na mimi basi." Chupa ikainama juu ya kipimo. "Unajua leo ni siku ya kuzaliwa ya kaka? Nimeamka nikachukua simu nimpigie. Nimelitafuta jina lake kabisa, shemeji. Nimelipata, ndipo nikakumbuka."

Mkono Mzito alikuwa anamtazama usoni. Kipimo kilijaa, kikafurika, na wiski ikatiririka juu ya kaunta mpaka kwenye mkono wa shati la mwenye baa.

Wote wawili waliuangalia ule unyevu. Mkono Mzito akaanza kufungua aproni.

"Haya, nionyeshe hayo masufuria."

"Ngoja kwanza," shemeji alisema. Alitazama viti vitupu, akatazama shati lake. "Kumbe unasikiliza!"

"Nasikiliza, shemeji. Vyote viwili sivimudu."

Mwenye baa alizunguka kaunta, akamshika mkono, akamketisha upande wa wateja. "Kuanzia leo kupima ni kazi yangu. Wewe zungumza na watu, maana ndicho wanachofuata hapa." Akachukua chupa na glasi safi, akaanza kummiminia. Kisha akauliza, kwa aibu kidogo, "Na wewe, shemeji? Wewe umeamkaje leo?"

Miaka mitatu hakuna aliyemuuliza. Alipopata sauti, ilitoka na kicheko ndani yake.

"Nimepika chai ya watu wawili. Nikajicheka mwenyewe. Unakumbuka kaka yako alivyokuwa anakunywa chai? Anaivuta mpaka jirani anagonga ukuta! Sasa siku moja kaja mchungaji..."

Akatoa midomo mbele kuonyesha, na shemeji yake akaangua kicheko mpaka machozi. Mkono Mzito aliiona glasi ikifurika. Hakumwambia. Aliendelea kusimulia, maana penye utamu wenyewe alikuwa bado hajafika.