Meli ya Bluu Iliyokwenda Doria

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Kaka alipanda juu ya stuli, akashusha boksi lililokuwa juu ya kabati la Mama, akalipuliza vumbi, na vumbi lote likamrudia puani. Alipiga chafya mpaka stuli ikacheza. Mdogo wake, fundi miwani, alikuwa kwenye meza yake ya kazi dirishani akikaza skrubu ya miwani ya mteja. Alimwambia bila kuinua kichwa kwamba vumbi hufutwa kwa kitambaa, halipulizwi.

Kaka alikuwa mwalimu wa udereva katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku. Alikuwa amekuja na gari lake la kufundishia, lile lenye pedeli mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Alikuja kumchukua Mama. Shauri hilo alilikata mwenyewe, kwake, halafu akapiga simu kuwajulisha: Jumatatu Mama anahamia kwake, karibu na hospitali kubwa, maana mzazi hutunzwa na mtoto mkubwa. Fundi miwani, aliyekuwa ameishi na Mama katika nyumba hii miaka yote tangu amalize shule, hakutaka Mama aondoke. Alikusudia kulisema tangu Ijumaa. Lakini Kaka ni mtu wa utani na kukumbatia watu. Ukimwanzia jambo zito anakwambia umependeza, umepungua, unatumia sabuni gani. Basi mpaka sasa alikuwa hajalisema.

"Kapteni wa Pili," Kaka aliita toka sakafuni, "njoo uone nani yuko humu."

Humo kulikuwa na mashine ya gemu ya zamani, padi mbili za kushika mkononi, na kaseti tatu za gemu za *Jua la Tatu*. *Jua la Tatu* zilikuwa kwanza filamu, za msafara wa meli za angani zinazotafuta jua jipya baada ya la kwao kuanza kuzimika. Kila mlipodhani zimekwisha, inatoka nyingine. Wao wawili walizipenda kupita kiasi. Gemu zake, tuseme ukweli, zilikuwa kazi ya kulipua. Adui mkuu, ambaye kwenye filamu alikuwa mrefu na wa kutisha, kwenye gemu alikuwa na umbo la friji lililoshika mwavuli. Kaseti ya tatu ilitengenezwa na watu ambao ni wazi hawakuiona filamu, kwa sababu jua linalotafutwa lilikuwa pale pale angani tangu mwanzo, na hakuna aliyelitaja. Lakini muziki ulipoanza, hata leo, mgongo ulisisimka.

Fundi miwani aliacha bisibisi yake. Walikaa kwenye mkeka mbele ya televisheni, kama zamani, isipokuwa magoti sasa yalilalamika. Mama alikuwa nyuma yao kwenye kiti chake na kikombe cha chai na mkate. Kaka alichomeka padi ya kwanza, akaishika. Ya pili akampa mdogo wake, na mkono wa Kaka, kwa mazoea tu, ukausukuma mwisho wa waya chini ya mkeka.

"Shika yako. Unakumbuka kazi yako?"

"Doria," alisema.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa meli mbili, nyekundu na ya bluu. Nyekundu ilikuwa ya Kaka na ilipigana katikati ya kioo. Ya bluu ilikuwa ya mdogo wake, na kila mara, mchezo ukianza tu, ilielea pembeni na kutoka nje ya kioo. Mara ya kwanza alitaka kulia. Kaka akamwambia imekwenda doria, mbali, kule ambako kamera haifiki, na kwamba bila doria msafara wote umekwisha. Endelea kubonyeza. Naye akaendelea kubonyeza, jioni baada ya jioni, utoto mzima, akiiendesha meli asiyoiona na kutoa taarifa: Kaka, nimepita mwezi, Kaka, kuna vumbi, Kaka, nimewaona, wako wengi. Kaka alikuwa akimjibu kwa heshima zote za kijeshi.

Safari hii meli nyekundu ilipotokea, ya bluu haikuwepo. Kaka aliua maadui wawili watatu. Kisha, kutoka ukingo wa kushoto, meli ya bluu ikaingia.

Haikuwa mpya. Rangi ilikuwa imechubuka, na ubavuni ilikuwa na viraka vya rangi ambazo kaseti ile haikuwa nazo. Ilipita mbele ya meli nyekundu, ikazunguka mara moja, ikatoka kwenye kioo cha televisheni, ikavuka sebule ikinguruma kidogo. Mama alisogeza kikombe chake kuipa nafasi. Ilitua kwenye meza ya miwani, ikainama upande mmoja, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika. Ilikuwa na ukubwa wa kiatu cha mtu mzima.

"Imezeeka," alisema Kaka, akabonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo.

Mlango ulifunguka wakashuka mabaharia wake, wafupi kama njiti za kiberiti, wenye pembepembe kama watu waliokatwa kwa mkasi. Nywele zao zilikuwa miraba myeupe. Wa mbele, serehangi, mkuu wa mabaharia, alimpigia fundi miwani saluti.

"Kapteni, tumerudi kutoka doria. Samahani kwa kuchelewa."

"Karibuni," alisema fundi miwani. "Mguu umepatwa na nini?"

"Vimondo. Siku ile ulipougua tetekuwanga. Ulikuwa unabonyeza kitufe kimoja tu, kulia, kulia, kulia. Tulipita, ila mguu ukabaki."

Aliikumbuka siku hiyo. Alivaa lenzi yake ya kukuzia, akachagua skrubu ya fremu ya mtoto, akakata kipande cha mkono wa miwani iliyokufa, akaanza kuupima mguu. Mama aliuliza kama wageni wamekula. Hawakuwa wamekula. Aliwamegea mkate, akawamiminia chai kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta ya bawaba, baada ya kukiosha mara mbili, na akasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Serehangi alieleza taarifa nzima huku akinywa. Walikwenda kila alikowaelekeza. Alipoitwa kuoga katikati ya vita, walisimama wakamsubiri, na adui naye, kwa adabu, akasubiri. Zamu ile alipolala na padi kifuani, walizunguka pale pale mpaka asubuhi. Walilipata jua. Si lile la kaseti, jingine, na watu wengi waliokuwa gizani walihamia huko na sasa wana wajukuu. Kisha kapteni akaenda shule ya bweni, na amri zikakoma. Wakaelea. Leo waliposikia muziki wakajua kapteni yuko nyumbani.

"Hongera, Kapteni," alisema Kaka, na alikuwa anafurahi kweli. Alimpiga mdogo wake begani kama walivyokuwa wakipigana mabega zamani.

Fundi miwani alitaka padi yake iwe karibu ili wajaribu mguu mpya. Aliivuta. Waya ukafuata, ukatoka wote chini ya mkeka, na mwisho wake ukamfikia mkononi. Plagi ilikuwa bado imevaa kile kifuniko cha plastiki cha kiwandani, ambacho huwezi kuichomeka bila kukitoa. Yeye ni mtu wa kutazama vitu vidogo kutwa nzima. Alikitazama kwa lenzi. Hakikuwa na hata mkwaruzo wa kucha.

Kaka alimwona anaona.

"Ulikuwa mdogo," alisema polepole. "Ukipigwa mara moja unalia, Baba anakuja anazima televisheni, tunakosa wote. Nilitaka tucheze wote."

"Kwa hiyo sikuwahi kucheza."

"Lakini si tulifurahi?"

Alifikiri. Walifurahi. Kuna jioni katika jioni zile ambazo mpaka leo anazihesabu kuwa bora maishani mwake, na Kaka alikuwa ndani ya kila mojawapo. Hilo ndilo lililomuuma.

"Mimi nilidhani haiendi popote," Kaka aliongeza, akiitazama meli.

"Ilikwenda," alisema serehangi. "Waya tulikuwa hatuuhitaji. Tulikuwa tunamsikia."

Basi fundi miwani akaona ama leo ama basi tena. Aliweka bisibisi chini.

"Kaka, Mama asiondoke. Abaki hapa na mimi."

Kaka aliweka padi yake chini pia. Aliinamisha kichwa na kusikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kama anavyowasikiliza wanafunzi wanaogonga nguzo. Kisha akamshika mkono.

"Nimekuelewa kabisa. Na mimi sitaki ujione umewekwa kando. Kuna jambo moja nakuachia wewe peke yako: mapazia ya chumba cha Mama kule kwangu. Chagua wewe. Mimi siingilii."

Naye, mdogo mtu, akaanza kuchagua kwa sauti. Alikuwa ameshafika kwenye bluu, yenye maua madogo, na anajiuliza kama dirisha linatazama jua la asubuhi, ndipo vidole vyake vikagusa kile kifuniko cha plastiki. Aliacha kuchagua. Kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa ni jambo moja. Kusimama mwenyewe na kugeuza mgongo ili upakwe vizuri ni jambo jingine.

Serehangi alifuta mdomo. Alikuwa mtu wa melini, na melini haking'olewi kitu bila kuuliza kimefungwa wapi.

"Na wewe, Mama," alisema, "unataka kwenda?"

Televisheni iliendelea kuvuma. Mama alitafuna mkate wake akamaliza, kwa kuwa hasemi na chakula mdomoni.

"Sijaulizwa," alisema.

"Ndiyo nakuuliza."

"Sitaki. Usiku hapa natembea bila kuwasha taa. Najua kila kizingiti. Huko nitakuwa mgeni mpaka siku ya kufa." Alikunywa chai. "Nanyi wote wawili mnanigombania tu kama rimoti."

Fundi miwani aliona haya, maana ni kweli, yeye naye alikuwa hajawahi kumuuliza. Kaka machozi yalimlenga. Alikwenda akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akamkumbatia, akakaa hivyo muda mrefu.

"Tumekusikia, Mama," alisema. "Tumekusikia kabisa."

Kisha akasimama, akauliza sanduku kubwa la Mama liko wapi.

Jumatatu asubuhi gari lilikuwa limepakiwa. Kaka ni dereva makini. Kabla ya safari alijilaza chini ya dashibodi akafungua kiungo cha breki ya pili, ile ya upande wa abiria, isishike tena, kwa sababu mtu mzima anaweza kusinzia njiani akakanyaga bila kujua. Pedeli yenyewe aliiacha mahali pake, kwani kuing'oa ni kazi. Alimfunga Mama mkanda, akamwekea mto mgongoni, akamfunika miguu kwa kanga yake. Kisha akamkumbatia mdogo wake, akamwambia amependeza.

Gari liliondoka taratibu. Lilipofika getini, Mama alisogeza kanga, akaweka mguu kwenye pedeli na kuibonyeza mpaka chini. Dirisha lilikuwa wazi, na kila neno lilisikika.

"Baba," alimwambia mwanawe, "nimekanyaga."

"Naona, Mama," Kaka alijibu kwa upole, akitazama kulia na kushoto kama anavyofundisha. "Endelea kukanyaga. Unanisaidia sana."

Gari likaingia barabarani.

Fundi miwani alisimama getini mpaka mlio wa gari ukapotea. Aliporudi ndani, mabaharia walikuwa wameshapanda, na meli ilikuwa imesimama wima kwa miguu yake yote. Aliketi kwenye mkeka, akaichukua padi ya pili. Kifuniko cha plagi alikiacha kilivyo.

"Amri, Kapteni?" serehangi aliuliza mlangoni.

"Doria. Mfuateni Mama. Msimwache."

Alibonyeza juu. Meli ya bluu ilitoka dirishani, ikapita juu ya kamba ya nguo na mabati ya jirani, ikaishia nje ya macho. Aliendelea kubonyeza. Mteja wa miwani alikuja, akamkuta hivyo, akasema atarudi kesho.

Jioni simu ililia. Aliiweka sikioni kwa bega ili mikono isiache padi. Kaka alisema wamefika salama. Mabaharia wa mdogo wake nao wamefika, wameegesha dirishani, wanakunywa chai na Mama. Chumba ni kizuri. Mapazia yalikuwa tayari, ya kijani, shemeji yake aliyaweka tangu mwezi uliopita, lakini ile bluu asiisahau, ni wazo zuri sana.

"Ila Mama ana jambo," Kaka aliendelea. "Tumemshusha, tumemkalisha kwenye kochi, lakini mguu hauinui. Ameukandamiza sakafuni tangu tulipotoka hapo. Nimemwambia tumeshafika. Anasema anajua."

"Mwache," alisema fundi miwani.

"Ninamwacha. Na wewe unafanya nini?"

Alitazama vidole vyake.

"Nipo naye," alisema, na hakuinua hata kimoja.