Picha ya Chumba cha Tatu

Bi Bohumila alikuwa keshafika katikati ya uwanja wa soko la Lhotkov, mfuko wa mikate mkononi, ndipo aliposikia vicheko. Akatazama chini. Alikuwa amevaa sapatu za sufu za kasri, zile kubwa ambazo wageni huzivaa juu ya viatu wasije wakachubua sakafu ya mbao.

"Bi Bohumila, siku hizi unatupigia deki mpaka barabara?" Kveta muuza mikate alimtania. "Ukimaliza, pita na kwangu!"

Naye akacheka. Mwongoza wageni gani hajawahi kutoka na sapatu? Tena yeye, mwenye miaka thelathini na mmoja kazini! Lakini njia nzima ya kurudi kasrini alikuwa na hofu. Mama yake alianza hivihivi, kwa mambo ya kuchekesha, akaishia kumwuliza binti yake mwenyewe, "Wewe mtoto wa nani?"

Saa nne aliingiza wageni kumi na wawili. Chumba cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Katika cha tatu akanyoosha mkono bila kugeuka, kama alivyozoea.

"Na huyu ndiye bibi mwenye kasri, aliyewafukuza wachumba saba."

Wageni wakatazamana. Akageuka. Ukutani, mahali pa picha, kilikuwapo kichwa cha kulungu na pembe zake.

"Una hakika aliwafukuza?" mzee mmoja akauliza. "Au walikimbia wenyewe?"

Wakaangua kicheko. Bi Bohumila hakujua acheke au alie. Amekosea chumba? Mbona dirisha ni lilelile, na bwawa la samaki liko palepale chini yake? Akawaomba radhi, akateleza na sapatu zake hadi ukumbini, ambako Radovan, msimamizi wa kasri, alikuwa akipanga viti vya harusi ya mchana.

"Radovan! Umeondoa picha ya bibi, na mimi huniambii? Umeniaibisha mbele za watu!"

Radovan akatua kiti. "Bi Bohumila, acha utani."

"Nina uso wa utani mimi?"

"Tuliiondoa jana, mimi na wewe. Ulishika upande wa chini. Mbao ya fremu ikakuchoma, ukanitukana mpaka marehemu babu yangu."

"Mwongo mkubwa wewe!" alisema, na moyoni akiomba kweli awe mwongo. Kwa hasira akakunja ngumi, na kitu kikamchoma kiganjani.

Akaufungua mkono. Chini ya ngozi kulikuwa na kibanzi cheusi, na ncha yake ilikuwa na rangi ya dhahabu ya fremu.

Walikitazama wote wawili.

Bi Bohumila akafungua bunda la funguo kiunoni, akaliweka juu ya kiti.

"Hawa wa leo nitawamalizia," alisema. "Kesho nikija kukudai hizi, nikakuita mwizi, usinipe."