Kisima Namba Tatu Hakikufikiwa

Rangi ya geti ilikuwa mbichi. Mkaguzi aligundua hilo kiganja chake kilipokwisha kugeuka cheupe.

"Karibu, karibu sana, dada mkaguzi," msimamizi wa dampo alimwambia, akimnyooshea kitambaa. "Safari hii tumejipanga. Utashangaa mwenyewe."

Na kweli alishangaa. Kwa miaka mitatu aliyolikagua dampo lile la manispaa alikuwa amezoea mlima wa taka unaofuka moshi, mifuko inayopepea kwenye waya wa uzio, kunguru, na watu na magunia yao wakifukunyua kila lori linapomwaga. Leo hakukuwa na chochote cha hayo. Kulikuwa na udongo. Udongo mwekundu, mpya, uliosawazishwa kuanzia getini hadi mteremko wa chini, kama uwanja unaomsubiri mgeni rasmi. Kanuni zinataka taka zifunikwe kwa udongo kila siku ikifika jioni. Hawa walikuwa wamefunika taka za miezi sita kwa siku nne.

"Malori sabini," msimamizi alisema, kifua mbele. "Na waokotaji wote nje. Hata wa dawa humkuti."

Hilo nalo alikuwa ameliona. Nje ya geti, kando ya ukuta, wanawake kama kumi na watano walikuwa wamekalia magunia matupu, wakimtazama yeye kama mtu anavyoitazama mvua iliyomkatizia kazi.

Akafungua fomu. Maswali thelathini na mawili, kila moja na visanduku vyake viwili, ndiyo na hapana. Uzio upo? Ndiyo. Taka zimefunikwa? Ndiyo. Waokotaji wamo ndani? Hapana. Kalamu ilikuwa inateleza yenyewe. Ilipofika kwenye visima, ikasimama.

Vinaitwa visima, lakini ni mabomba ya chuma tu yaliyozamishwa ardhini, midomo yake haizidi kikombe cha chai, ya kuchotea maji ya chini ili maabara ijue kama uchafu wa dampo unashuka. Vilikuwa vitatu. Namba moja na namba mbili viko juu, karibu na ofisi, ambako hata maji machafu yenyewe yangechoka kupanda kuvifuata. Cha maana ni namba tatu, kule chini, hatua chache tu kutoka kwenye nyumba za watu. Na namba tatu ndicho kisichopatikana. Ukaguzi wa mwaka jana njia ilikuwa tope la magoti, akaandika "hakikufikiwa". Ukaguzi uliofuata juu yake palirundikwa matairi, "hakikufikiwa". Na kanuni ni hiyo hiyo, haina huruma: kisima kisichofikiwa mara tatu mfululizo kinafutwa kwenye orodha, na upande ule haupimwi tena. Leo ilikuwa mara ya tatu. Dirisha la maabara linafungwa saa tisa.

Wala yeye hakuwa mtu baki katika jambo hili. Moja ya zile nyumba za chini ni ya mama mkwe wake, mwenye kisima chake uani, na ndiye anayemlea mtoto wa mkaguzi, wa mwaka mmoja na nusu, mama yake akiwa kazini. Tangu mvua za mwisho mtoto alikuwa anajikuna mgongo mpaka anatoka damu. Mkaguzi alishamwomba mama mkwe asimwogeshe kwa maji yale. "Maji haya ndiyo yaliyomkuza mumeo," bibi akamjibu, "na ulimpenda na ngozi yake." Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Labda umpelekee karatasi yenye muhuri.

"Namba tatu kiko wapi?" akauliza.

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Si pale pale kilipokuwa?" msimamizi alisema, akizungusha mkono juu ya ule uwanja mwekundu wote.

"Nionyeshe nguzo yake."

Hapo msimamizi akageukia ukuta wa ofisi. Nguzo tatu za visima zilikuwa zimeegemezwa pale kwa mpangilio, nyeupe pe, kila moja na namba yake kwa rangi nyeusi, mwandiko wa kupendeza. Zilikuwa zinakauka.

Mkaguzi alizitazama kwa muda. "Mmezing'oa?"

"Ungeipakaje rangi nguzo iliyosimama kwenye uchafu? Kanuni inasema iwe nyeupe na namba isomeke. Soma."

Akasoma. Ilisomeka.

"Halafu?"

"Halafu," msimamizi alisema, na kwa mara ya kwanza kifua kikarudi mahali pake, "malori ya udongo yakatangulia kufika."

Akaitwa dereva wa katapila, mzee mpole waliyemwita Kishindo kwa utani, maana hata kikohozi chake husikii. Mzee Kishindo alivua kofia. "Mwanangu, mimi niliambiwa funika, nikafunika. Ningeambiwa funika uache tundu, ningeacha tundu."

Wakachukua ramani na futi kamba. Ramani ilisema hatua sitini kutoka pembe ya uzio. Uzio ulikuwa umesogezwa mwaka jana. Wakachimba mahali pa kwanza. Taka zikafumuka, nzi na harufu juu. Wakachimba pa pili, pa tatu. Saa tano ikapita, saa sita ikawakuta wameinama. Kila koleo lilipoingia msimamizi aliguna kama ni mguu wake unaochimbwa.

"Dada, unanitoboleaje udongo wangu namna hii? Andika hakikufikiwa tumalize. Neno moja tu. Umeshaliandika mara mbili, mkono wako umelizoea."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Ile mara ya tope angeweza kuvua viatu. Ile mara ya matairi angeweza kusubiri yaondolewe. Lakini alikuwa na maeneo mengine mawili ya kukagua siku ile, na kuandika neno moja ni rahisi kuliko kuvua viatu.

Akaliacha koleo, akatoka getini moja kwa moja hadi kwa wale wanawake.

"Shikamooni. Kuna anayelijua bomba la chuma kule chini, upande wa nyumba?"

Wakatazamana. Aliyejibu alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, ambaye wenzake walimwita Mama Mizani, kwa kuwa gunia akilinyanyua tu anakutajia kilo zake, na mizani ya mnunuzi ikibisha, anayeona haya ni mnunuzi.

"Lenye kofia ya kijani? Kiti changu hicho, dada. Nimelikalia miaka."

"Nielekeze."

"Kwa mdomo? Mmeshapageuza jangwa pale. Mpaka nisimame mwenyewe."

Msimamizi alikuwa amewafuata, akihema. "Huyu akivuka geti, lile swali la waokotaji unalibadilisha jibu. Na akiandikwa jina kwenye fomu unajua: miezi sita marufuku."

"Miezi sita!" Mama Mizani alisema. "Mimi nina watoto wanne. Nitawaokotea nini, upepo?" Akakaa tena kwenye gunia lake. "Samahani, dada yangu. Tafuteni. Kuchimba si mnajua?"

Wenzake wakacheka. Mkaguzi hakucheka. Alitazama saa yake: saba kasorobo. Akarudi kwenye gari, akachukua kizibao cha akiba, kile cha kung'aa chenye mistari, na mabuti yake ya pili. Kisha akaliomba kwa askari wa getini daftari la wageni.

"Kazi yake niandike nini?" askari aliuliza, kalamu juu.

"Mwelekezi."

"Wa nini?"

"Wa mkaguzi. Andika, kaka, muda unakwenda."

Mama Mizani alivaa kizibao akijitazama kifuani, akatia sahihi yake kwa herufi kubwa zilizopishana. "Miaka kumi na moja napenya kwenye tundu la uzio," aliwaambia wenzake, "kumbe kuna daftari!"

Kule chini hakutazama ardhi hata kidogo. Alitazama juu, kuelekea getini. Akapiga hatua tatu kushoto, akachutama, akainuka, akarudi hatua moja nyuma, akachutama tena. Msimamizi akauliza kama ni uganga.

"Nilikuwa nakaa ninapoliona geti lote," Mama Mizani alisema, bado amechutama, "lakini dirisha la askari silioni, kwa hiyo na yeye hanioni. Mahali pa namna hiyo hapana pengine." Akasogea kidogo. Akapiga ardhi kwa kiganja. "Hapa."

Msimamizi alichutama naye kando yake, akatazama juu, akalitafuta dirisha la askari, hakuliona. "Ahaa," akasema polepole. "Ahaa!"

Mama Mizani akafumba macho. Alikuwa ameshaelewa alichokitoa.

Mzee Kishindo alichimba kwa koleo, taratibu, kama anayemfukua mtu hai. Urefu wa mkono mmoja na nusu ndani, koleo likalia kwenye chuma. Kofia ya kijani.

Ungedhani hapo ndipo shida iliishia. Bomba huwezi kulichota mara moja ukaondoka. Maji ya kwanza yaliyolala humo humwagwa, na ya pili, na ya tatu, ndipo yanakuja maji ya kweli. Chombo chenyewe ni mrija mrefu wa plastiki kwenye kamba, unaobeba kiasi cha kikombe. Mkaguzi alishusha, akapandisha, akamwaga. Alishusha, akapandisha, akamwaga. Kamba ikamkata vidole. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, yakamwagikia mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro dakika kumi akafunga kizibo cha chupa, akaitia kwenye kasha la barafu.

"Sahihi yako," alimwambia msimamizi. Maabara haipokei chupa bila sahihi ya mwenye eneo.

"Swali la kumi na nne kwanza," msimamizi alisema, mikono mfukoni. "Mwokotaji yumo ndani, au hayumo? Ndiyo au hapana. Si mimi niliyekuja na fomu."

Mkaguzi akafuta "hapana", akatia alama kwenye "ndiyo". Pembeni, mahali ambapo hapana mistari, akaandika: mmoja, ameingizwa na mkaguzi kwa kazi ya ukaguzi. Akatia jina lake mwenyewe kamili.

"Na jina lake yeye?"

"Soma swali, kaka. Linauliza wamo au hawamo. Halijauliza wanaitwa nani. Si mimi niliyelitunga."

Msimamizi alisoma swali mara mbili, midomo ikicheza. Akatia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Gari lilipokuwa linageuka, mkaguzi alimwona msimamizi kupitia kioo cha nyuma akiwa na askari wa geti, wamebeba kiti na mwavuli, wakiteremka navyo hadi pale alipochutama Mama Mizani. Mama Mizani alikuwa amesimama pembeni na kizibao kimekunjwa vizuri mkononi. Dereva wa mkaguzi alipunguza mwendo ili kizibao kipokewe.

"Kaa nacho, mama," mkaguzi alimwambia.

"Cha nini? Nionekane vizuri zaidi?" Akakitupia dirishani. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Nenda na maji yako, dada. Angalau yafike."



Yalifika saa tisa kasoro dakika sita. Mpokeaji wa maabara, kijana mwenye mkufu wa kitambulisho, alikuwa ameshashusha pazia la dirisha nusu. Aliinama akachungulia chini yake. "Namba tatu? Hiki si ndicho kinafutwa leo?"

"Hakifutwi."

"Kwenye orodha yangu nimeshakipigia mstari. Kwa penseli."

"Basi una ufutio."

Kijana alimtazama, akautazama mkono wa shati lake, akavuta droo. Alipomaliza kufuta alipuliza vumbi, akagonga muhuri. "Majibu siku kumi na nne."

Siku kumi na nne. Aliteremka ngazi akiwa na stakabadhi mfukoni na furaha yake ikiwa nusu, kama ndoo inayovuja.

Mama mkwe alikuwa uani, beseni limejaa, mjukuu uchi kando yake akipiga maji kofi.

"Umewahi leo! Mume wangu ndiyo kwanza anataka kuoga," bibi alisema, kama alivyozoea kumwita mjukuu wake. "Haya, mkaguzi, maji yangu yana sumu?"

"Bado, mama. Siku kumi na nne."

"Unaona! Hata mashine zenu hazina haraka."

Mkaguzi hakuwa na nguvu ya kubishana. Aliinama kumnyanyua mtoto, na mkono wake wa shati ukapita karibu na uso wa bibi. Mama mkwe akaudaka. Akaunusa. Akaunusa tena, taratibu, kama anavyonusa maziwa.

"Umeitoa wapi harufu hii?"

"Kule juu. Kwenye bomba lao."

Bibi alikwenda kisimani, akainama juu ya mdomo wake, akanusa hapo pia. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Asubuhi kabla hakijachotwa kinanuka hivi hivi. Nilidhani ni majani yanayooza."

Alilimwaga beseni kwenye mchanga. Kisha akachukua ubao mpana wa kufulia, akafunika kisima, akaweka jiwe juu. Jirani aliyekuwa anaingia na ndoo mbili alisimama mlangoni.

"Leo hakichotwi," mama mkwe alimwambia.

"Mpaka lini?"

"Siku kumi na nne."

"Na sisi tuchote wapi, shoga?"

Mama mkwe akageuka kumtazama mkwewe. Jirani naye akamtazama. Mkaguzi alimweka mtoto vizuri kiunoni, akamzuia mkono uliokuwa unatafuta mgongo wa kujikuna, akachukua ndoo moja ya jirani.

"Twende ofisini kwangu," alisema. "Kuna bomba la maji safi nyuma ya gereji. Watanifokea kesho."