Wifi na Karatasi ya Mahakimu

Tangu Kostansia ahame Columbus na kuja Louisville, neno la Fides halikuwa na uzito tena. Fides ndiye aliyeacha zamu tatu kiwandani Jeffersontown akakae mahakamani, aone kwa macho yake hakimu wa familia anavyowatendea watu. Ndiye aliyemhoji mwanasheria aliyekuwa akigombea kiti cha hakimu huyo. Yote aliyaandika kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja. Lakini wifi yake alikuwa na sauti, na gari la viti saba. Hata Jovini, kaka wa Fides wa tumbo moja, alipotaka kujua habari za mahakimu wa huko kwake Buffalo, alimpigia simu nani? Kostansia!

"Dada yangu ana kipaji," alisema Protasi, mume wa Fides, akijipakulia maharage.

"Cha kelele. Kula."

Jumapili kabla ya uchaguzi wa Novemba 2014, baada ya ibada, Kostansia alisimama ukumbini akainua karatasi ya mfano ya kura.

"Jamani, msihangaike! Hapa juu mnatia alama moja kwenye chama chenu, mmemaliza. Si kama kura za kambi ya wakimbizi? Foleni moja nyuma ya mtu wetu!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Fides aliliona kosa papo hapo. Kwenye karatasi ile mahakimu hawakuwa na chama. Alama ya juu haikuwafikia. Kila kiti cha hakimu kilitaka alama yake. Watu sitini wangeviacha vitupu. Akanyamaza. Chai ikawa tamu ghafla. Waache wakosee, Jumatano, kura zikishahesabiwa, angewaeleza nani aliwapoteza.

Spés, jirani yake tangu kambini, akamgusa mkono. Wajukuu zake wawili walikuwa wamechukuliwa na serikali, na Januari kesi yao ingesikilizwa na atakayeshinda kiti kile. Mara ya mwisho hakimu alimkatiza kabla mkalimani hajafungua kinywa.

"Fides, kumbe ni alama moja tu! Basi yule hakimu ataondoka?"

Fides akaweka kikombe chini.

"Kostansia! Hiyo alama yako haimgusi hakimu hata mmoja."

Kostansia akaishusha karatasi.

"Unaniaibisha mbele za watu, wifi?"

"Ningetaka kukuaibisha ningengoja Jumatano. Tazama mwenyewe."

Kostansia akaigeuza karatasi, akaisoma, akaona kosa lake. Fides akatoa ukurasa wake, akaanza kusoma mbiombio, kama anayegombeza watoto.

"Hatusikii, mama!" walilalamika wa nyuma.

Akasoma tena. Hawakusikia. Basi akamsogezea wifi yake ukurasa.

"Haya. Wewe ndiye mwenye koo. Usiongeze chako."

Kostansia akasoma polepole, kwa sauti ya kengele, kana kwamba ndiye aliyekaa mahakamani siku tatu. Kalamu zikatoka mikobani. "Asante, Kostansia!" mtu akasema. Fides akaona wivu.

"Rudia hapo kwa hakimu wa familia," alisema. "Spés bado anaandika."