Kava la Pasipoti

Fundi cherehani alifika kaunta ya uwanja wa ndege na kila kilichotakiwa. Kisiwa cha Bahari ya Karibi alichokuwa akienda hakikudai viza; kilidai tiketi ya kurudi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na pasipoti yenye uhai wa miezi sita. Huko bintiye angefanyiwa upasuaji wa moyo keshokutwa, na hakuwa na ndugu wa kumshika mkono.

Dada wa kaunta akaifungua pasipoti, akaiinua kwenye taa. "Mama, nani kaitoboa hii?"

"Nimeishonea kava, mwanangu, isije ikachafuka."

Mzee aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akaangua kicheko. "Fundi kweli! Umeipiga pindo kama suruali!"

Fundi naye akacheka kidogo, mpaka alipoona yule dada hacheki. Sindano ilikuwa imepenya jalada hadi ukurasa wa picha, tundu kwa tundu, kwa mshono ulionyooka kuliko yote aliyowahi kushona.

"Iliyotobolewa haikubaliki, mama. Huko watakurudisha. Kaombe nyingine."

"Inachukua muda gani?"

"Wiki tatu. Pole, mama yangu."

Akakaa juu ya sanduku lake, akaanza kufumua uzi kwa kucha, ingawa hakuna aliyejua vyema kuliko yeye kwamba uzi hutoka, tundu hubaki. Simu ikaita.

"Mama, umeshapanda?" bintiye akauliza kwa sauti dhaifu. "Nimewaambia manesi unakuja."

Akaibana simu kwa bega, akaendelea kufumua.