Kilo Thelathini na Sita

Bibi Hildegardi aliletwa Mbinga mwezi wa sita, kwenye lori lililopanda kutoka ziwani na magunia ya usipa mkavu, dagaa wa ziwa hilo. Alikaa mbele na dereva, amefunikwa mablanketi mawili. Mwanawe Nazari alifungua mlango wa lori, akambeba mikononi, akavuka naye uwanja mpaka ndani. Alipokwisha kumlaza alikwenda jikoni kwa mkewe, Aurelia, akasimama mlangoni.

"Nimembeba kama debe tupu," alisema.

Aurelia aliendelea kupuliza moto. Alikuwa amekwisha kumwona mama mkwe wake kupitia dirishani. Sauti ilikuwa ile ile, ikimwamuru dereva asisahau kapu lake, lakini mikono iliyotoka kwenye blanketi ilikuwa ya mtu mwingine. Huko Kihagara, kijijini kwake kando ya ziwa, malaria ilikuwa imemlaza, ikafuatiwa na kichomi, na hospitalini alikaa mwezi mzima. Wauguzi walimponya. Kumlisha kulikuwa kumewashinda.

Hakuna mtu katika ukoo ule aliyeshangaa. Bibi Hildegardi alikuwa mchaguzi wa chakula tangu usichana wake. Maharage hakuyala kwa sababu yalimjaza tumbo. Mayai yalimnukia. Maziwa hakutaka hata kuyaona yakichemka. Nyama ya nguruwe, ambayo huku milimani watu huifuata sokoni kila Jumamosi, aliiita uchafu wenye chumvi. Ugali aliokubali ni wa muhogo, na mboga aliyoikubali ni usipa, lakini si usipa wowote. Uliovunjika vichwa aliusukuma pembeni ya sahani. Alipokuwa na mwili wake, watu walicheka tu. Sasa hakuwa na mwili wa kuchezea.

Siku ya tatu Aurelia alimpeleka zahanati ya masista. Walikwenda polepole, wakipumzika kila baada ya nyumba mbili tatu. Sista Koleta alimsimamisha Bibi kwenye mzani, akasogeza kile chuma kidogo, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Thelathini na sita," alisema. Kisha akamvuta Aurelia nje kidogo. "Usimwongezee wingi wa chakula. Tumbo limesinyaa. Ukimwekea mlima wa ugali atashiba kwa macho. Chukua hicho hicho kidogo anachokubali, ukitie nguvu. Kijiko cha mafuta, karanga za kusaga, sukari, maziwa ya unga. Umpe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku."

"Mara sita, Sista?"

"Mara sita."

Aurelia aliitika. Njiani alijaribu kuzipanga hizo mara sita katika siku yake, akashindwa kupata mahali pa kuziweka. Kahawa ilikuwa imeiva. Alfajiri alichuma, mchana alikoboa kwa mashine ya mkono, jioni aliosha na kuanika kwenye vichanja. Watoto wawili, Tadea na mdogo wake, walikuwa shuleni. Nazari, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika mpaka walipompunguza kazini, sasa alizunguka vijijini na gari la mnunuzi binafsi, akipima kahawa za watu wengine. Aliondoka Jumatatu, akarudi Ijumaa, na mara nyingine hata Ijumaa hakuonekana.

Alianza na uji wa karanga. Bibi Hildegardi aliuonja kwa ncha ya ulimi, akalirudisha bakuli.

"Unanikwaruza koo."

Siku iliyofuata Aurelia alizisaga karanga upya, akauchuja uji kwa kitambaa. Bibi alikunywa vijiko vitatu, akasema umepoa. Ulipopashwa moto akasema umeshika moshi. Kisamvu chenye mafuta alikitazama kinavyong'aa, akauliza ni nani aliyesema anataka kula taa. Aurelia alichukua kila bakuli lililorudishwa, akala mwenyewe akiwa amesimama jikoni, maana hakukuwa na nafasi ya kupika kingine cha kwake, na chakula chenye karanga na mafuta hakimwagwi.

Wiki ya pili alikwenda dukani kwa Adinani. Miaka michache nyuma kopo la maziwa ya unga lilihitaji uwe na mtu wako Songea au Dar es Salaam. Sasa yalikuwa yamepangwa rafuni, ya aina tatu, karibu na sabuni za kunukia.

"Ya mtoto?" Adinani aliuliza.

"Ya mama mkwe."

"Basi chukua hili. Halina harufu kabisa. Mgonjwa wangu mwenyewe alilinywa bila kujua."

Aurelia alilibeba kopo lile chini ya kitenge. Alilificha nyuma ya chungu cha maji, na kila asubuhi alikoroga vijiko viwili kwenye uji wa muhogo kabla haujachemka. Bibi Hildegardi aliunywa. Siku ya kwanza aliacha nusu, siku ya pili robo, siku ya tatu alimaliza, na Aurelia aliliosha bakuli lile tupu kwa furaha ambayo hakumwonyesha mtu.

Siku ya tano Bibi aliacha uji ukapoa. Juu yake ukaganda utando mwembamba. Aliunyanyua kwa kijiko, akaunusa, akauweka kwenye ukingo wa bakuli.

"Hiki ni nini, Mama Tadea?"

"Ni uji, Mama."

"Uji wa muhogo hauvai shuka."

 Mama mkwe alisogeza bakuli, akageukia ukutani.

Tangu saa hiyo Bibi Hildegardi hakula kitu chochote kilichopita kwenye sufuria ya Aurelia. Alikula ndizi, lakini alizimenya mwenyewe. Alikula muhogo uliochomwa mzima kwenye majivu, akaubandua ganda kwa kucha zake. Maji alikunywa baada ya kuona mtu mwingine akiyanywa. Siku ya pili jirani yao, Mama Urbani, alikuja kumjulia hali akamkuta na maganda kwenye mapaja.

"Shikamoo, Bibi. Mbona unakula vya maganda tu?"

"Marahaba. Vya maganda havifichi kitu," Bibi alijibu, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mashine ya kahawa, alikokuwa Aurelia.

 Mama Urbani aliaga mapema kuliko kawaida yake, na alipopita karibu na Aurelia alimsalimia akitazama chini. Aurelia alielewa neno lile litafika wapi. Kijijini, mama mkwe asiyekula chakula cha mke wa mwanawe huwa amesema tayari, hata kama hajataja sumu wala dawa.

Ijumaa Nazari alirudi na vumbi la barabara nzima. Aliingia kwanza kwa mama yake, akakaa huko, kisha akamfuata mkewe kwenye vichanja.

"Umemwekea nini mama?"

Aurelia alikuwa anageuza kahawa kwa viganja. Hakuacha.

"Na wewe unaniuliza hivyo?"

"Nimeuliza tu."

"Maziwa. Nimemwekea maziwa. Kopo liko nyuma ya chungu, nenda ukalione. Nimemwekea kwa sababu Sista aliniambia nikitie nguvu chakula chake. Napika mara sita, Nazari. Kwa siku. Nakula makombo mara sita. Kesho upike wewe."

Nazari alitaka kusema kitu. Mkewe alikuwa amekwisha kuondoka, akapita katikati ya mibuni mpaka mwisho wa shamba, akaketi chini. Hakulia. Alikaa tu, magoti yamekunjwa, akitazama mteremko wa ng'ambo ambako watu wengine nao walikuwa wanachuma. Alijaribu kumchukia mama mkwe wake, akaona hata hilo linahitaji nguvu.

Kesho yake Nazari alipika kweli. Ugali wake ulikuwa na madonge, usipa uliungua. Bibi Hildegardi aliutazama, akamtazama mwanawe, akamega tonge moja kwa heshima. La pili hakulimega.

Jumapili baada ya misa, watu wote wakiwa nje, Aurelia aliingia chumbani kwa mama mkwe wake mikono mitupu. Aliketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, Mama."

Bibi Hildegardi alichelewa kuitika. "Marahaba, mwanangu."

"Yalikuwa maziwa. Ya kopo. Nilikuficha siku tano. Nimekosa, na sitakuficha tena. Lakini sina la kufanya zaidi. Ukikataa, nitaacha uliyokataa mezani, nitakwenda kuchuma kahawa."

Bibi alichezea pindo la blanketi.

"Unajua hii ni shikamoo ya kwanza tangu wiki iliyopita?"

"Mama, kila siku naku—"

"Unaingia unatazama bakuli. Kwanza bakuli, halafu shikamoo. Nazari naye. Hata yule Sista, kwanza mzani. Kule hospitali walikuwa wananinyanyua kichwa, wananitia kijiko, sijui ni dawa, sijui ni nini. Siku moja nilimuuliza binti mmoja, hiki nini? Akasema, kula tu, Bibi. Kula tu." Alivuta pumzi. "Mimi nimepika miaka hamsini. Najua kila kitu nilichokula maishani mwangu kilitoka wapi. Usiponiambia, nakuwa kama kuku."

 Aurelia alisema, "Basi uje jikoni. Kila kitu kitaingia ukiona."

"Moshi utanikohoza."

"Utakaa mlangoni."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu alimwekea kiti cha kamba kwenye mlango wa jiko, upande wa jua. Bibi Hildegardi alitazama kila kitu na kukosoa kila kitu. Mafuta, alisema, hayamwagwi juu ya chakula kilichoiva kama mtu anayepaka mtoto. Hukaangwa kwanza na kitunguu mpaka harufu ya duka iishe. Karanga hazikutiwa kwenye uji, uji si mahali pake. Zilikaangwa, zikatwangwa mpaka zikatoa mafuta yake zenyewe, kisha zikatiwa kwenye mchuzi wa usipa, na hapo alikubali zikae. Maziwa alisema hapana, wala asiulizwe tena. Lakini togwa ya ulezi, nzito, yenye sukari, angeweza kunywa kikombe saa nne na kikombe saa kumi, ilimradi asisimamiwe.

Aurelia alijifunza kutosimama. Aliweka kikombe, akarudi kwenye mashine yake. Mara nyingine alipokuja kukichukua kilikuwa kitupu. Mara nyingine inzi walikuwa ndani.

Kilo hazikuwa za kupanda tu. Mzani wa Sista Koleta ulisema thelathini na saba na nusu mwezi wa saba. Baadaye Bibi alikorofishana na usipa wa gunia jipya, akasema una mchanga, akakaa siku nane akila ugali kwa chumvi, na mzani ukarudi kwenye thelathini na saba. Siku hiyo Aurelia alitembea njia nzima ya kurudi bila kusema neno, na mama mkwe wake naye hakusema, na wote wawili walikuwa wamechoka kiasi kwamba ukimya ule haukuwa ugomvi. Walipofika, Bibi aliomba ungo. Aliketi mlangoni akachambua usipa wote wa gunia lile, mmoja mmoja, siku mbili nzima. Baada ya hapo alikula.

Mama Urbani alipita akamkuta kwenye kazi hiyo.

"Naona leo unakula vya sufuria, Bibi."

"Navila. Mkwe wangu anapika vibaya, ila anapika mbele yangu." Kisha, baada ya Mama Urbani kupata maneno ya kubeba, aliongeza, "Ile siku nilisema neno ambalo hakulistahili. Uwaambie na hilo."

Aurelia alisikia akiwa ndani. Alikaa na mwiko mkononi mpaka ugali ukashika chini.

Mwisho wa mwezi wa tisa, kahawa ikiwa imekwisha kwenye vichanja, Bibi Hildegardi alisimama kwenye mzani bila kushikwa. Arobaini na mbili. Sista Koleta alisema bado, lakini vizuri. Wiki ileile Bibi alitangaza anarudi Kihagara. Baridi ya Mbinga ilikuwa imemchosha, na huko ziwani binti yake Skolastika alikuwa anachimba muhogo mpya. Hakuna aliyeweza kumzuia. Nazari alisema angalau asubiri Krismasi. Mama yake alimuuliza kama Krismasi atampikia yeye.

Siku ya safari alipanda lori kwa miguu yake, Nazari akimshika kiwiko tu. Alikuwa na karanga kilo kadhaa kwenye kapu na mbegu za ulezi kwenye fundo la kanga. Aurelia alimwinamia dirishani.

"Mama, Skolastika umwambie kuhusu mafuta na kitunguu."

"Nitakaa mlangoni mwake," alisema Bibi. Kisha akamshika Aurelia mkono, akaukandamiza kidogo, kama anayepima nyama iliyopo juu ya mfupa. "Na wewe ukae ule. Kwenye sahani. Umekaa."

Lori liliteremka. Aurelia alisimama mpaka vumbi lilipotua, akiwa na faraja aliyoionea haya, na chini ya faraja hiyo kitu kingine ambacho hakukitafutia jina. Nazari alisema anakwenda sokoni, akauliza kama aje na kitu.

"Usije na kitu," Aurelia alisema. "Leo sipiki mpaka jioni."

Aliingia ndani, akajilaza kitandani na viatu vyake, mchana kweupe, akalala mpaka watoto waliporudi shule. Tadea alikuta jiko limezimika, akamwona mama yake, akamwashiria mdogo wake asipige kelele.